Chupa Zilizofungwa Siku ya Nane

Simu ilimkuta Chapchap amelala kifudifudi nyuma ya friji ya duka la nyama, tochi mdomoni, akitafuta mahali gesi inapovujia. Aliyepiga alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa, na wala hakuanza na habari za huko.

"Shemeji, kaka yako anakuita."

Chapchap alitema tochi. "Ananiita mimi?"

"Kwani ana mdogo mwingine? Njoo leo. Si kesho."

Ilikuwa miaka minne tangu ndugu hao wawili wakae chumba kimoja. Salamu zilikuwa zinapita kwa shemeji, kama barua zinazopitia kwa jirani, na shemeji alizifikisha huku na huku bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba kaka anaumwa tumbo Chapchap aliambiwa. Kwamba anatundikiwa zile dripu kali za saratani aliambiwa pia. Alituma matunda. Mara mbili alifika mpaka mlangoni, akasimama dakika tano, akasema mteja anamsubiri, akaondoka.

Jina la Chapchap hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja, maana fundi friji huyu alikuwa anafungua mashine huku bado anasalimia. Alikula amesimama. Alioa mara mbili, zote kwa haraka, na wake wote wawili walimwacha kwa haraka ileile. Tumbo moja liliwazaa yeye na kaka yake, lakini ungeapa mmoja wao aliokotwa. Kaka alikuwa mtu wa vipimo. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia, na alipostaafu alihamishia kiwanda jikoni kwake: sufuria ya lita thelathini, ndoo nyeupe zenye vifuniko, mipira ya kuvutia bia kutoka ndoo hadi chupa, kipimajoto, mashine ndogo ya kubana vizibo. Hakuuza hata chupa moja. Alimpa mtu glasi, akasimama mbele yake akimtazama usoni mpaka mtu wa watu anaona aibu kumeza.

Bia ikimridhisha alisema maneno mawili tu: "Imekaa sawa." Isipomridhisha aliimwaga.

Na hayo maneno mawili ndiyo Chapchap aliyangoja tangu utotoni. Hakuyapata kwa gari la waya alilosuka akiwa na miaka saba, maana gurudumu moja lilipinda. Hakuyapata kwa friji ya kwanza aliyoifufua, maana ilikuwa inatetemeka. Miaka minne nyuma alidhani yamekaribia. Kaka alimwachia alinde ndoo moja ya bia kwa siku nne tu. Siku ya tatu alikuja rafiki, Chapchap akataka kumwonyesha mambo, akafunua kifuniko, akachota kwa kikombe cha chai. Wiki tatu baadaye bia yote ilikuwa chachu kama siki. Kaka alimwaga lita ishirini mbele ya wageni na kusema, "Huyu hana subira hata ya kuchemsha yai." Wageni wakacheka. Chapchap naye alicheka, akachukua kofia yake, na hakurudi.

Sasa aliingia chumbani akamkuta kaka yake kitandani kando ya dirisha. Alikuwa amekwisha. Shingo ilikuwa imebaki kamba tupu, na saa yake ya mkononi ilikuwa imepanda hadi karibu na kiwiko ili isidondoke.

"Umenenepa," kaka alisema.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kaa. Hapana, kaa kwenye kiti, usisimame kama mtu wa kusoma mita." Akavuta pumzi. "Nataka unitengenezee bia."

Chapchap alimtazama shemeji, shemeji akatazama pazia.

"Ile nyeusi," kaka aliendelea. "Vifaa viko palepale. Kimea cha shayiri nimeshaagiza, kiko kwenye gunia. Mimi siwezi kusimama, nitakuelekeza kutoka hapa."

"Nyeusi inachukua muda gani?"

"Wiki sita. Mbili kwenye ndoo, nne kwenye chupa."

Alipomsindikiza hadi kwenye korido, shemeji alimwambia kwa sauti ya chini alichoambiwa na daktari: mwezi, Mungu akipenda mwezi na nusu. Chapchap hakuwa msomi wa hesabu lakini hiyo aliimaliza kabla hajafika barabarani.

*

Walitengeneza siku ya Jumamosi, mmoja jikoni, mmoja kitandani, ukuta katikati na milango yote miwili wazi.

"Maji yamefika ngapi?" kaka aliita.

"Yamepata moto!"

"Sikuuliza kama yamepata moto. Hata jua lina moto. Nimeuliza ngapi!"

"Sabini na mbili!"

"Haya, mimina kimea taratibu huku unakoroga. Kikishaloa kitashuka mpaka sitini na sita. Kisishuke zaidi, kisipande zaidi. Saa nzima."

"Saa nzima nafanya nini?"

"Unangoja. Ndiyo kazi yenyewe."

Shemeji, aliyekuwa anachambua mchele mezani, alicheka hadi akashika mbavu. Nyumba ilijaa harufu ya nafaka ya kukaanga, tamu na nzito, harufu iliyokuwa imehama nyumba hiyo tangu mwenyewe alale. Baada ya saa Chapchap alichuja, yakabaki maji meusi matamu, akayarudisha motoni. Kaka akaita kwamba sasa atie hopsi, yale maua madogo makavu ya kijani yanayoleta uchungu. Fungu la kwanza mchemko unapoanza, fungu la pili dakika tano kabla ya kuepua.

"Na la kwanza lisiwe chini ya gramu thelathini! Upime, usikadirie kwa kiganja!"

"Nimepima!"

"Nimesikia mzani haujagusa meza!"

Haikuwa uongo. Chapchap alikuwa amekadiria kwa kiganja. Akauchukua mzani, akauweka mezani kwa kishindo ili usikike, akapima.

Kwenye kupoza ndipo alipojitambia. Maji ya kimea yakishachemka lazima yapoe upesi, kabla vijidudu vya hewani havijayawahi, na kaka siku zote alipoza kwa kukalisha sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Chapchap alikuwa ameleta bomba la shaba la friji, mita tisa, amelikunja mizunguko kama utumbo. Alilichemsha likawa safi, akalitumbukiza kwenye sufuria, akapitisha ndani yake maji ya bomba. Dakika kumi na nane tu, kazi imekwisha. Alikimbia chumbani na kipimajoto mkononi.

"Ishirini, kaka! Dakika kumi na nane!"

Kaka alikishika kile kipimajoto, akakitazama kwa muda. Chapchap alisimama hapo kama mtoto anayesubiri daftari lirudi.

"Bomba ulilisugua ndani na nje?"

"Nililisugua."

"Haya. Tia hamira, funga ndoo."

Chapchap alirudi jikoni. Akatia hamira, akafunga kifuniko, akachomeka juu yake kile kidude cha plastiki chenye maji kinachoruhusu gesi itoke na kuzuia hewa isiingie. Kabla hajafunga alitumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, kile kinachosema sukari imebaki kiasi gani. Kilisoma hamsini na tano. Hamira ikishakula sukari yake yote, kaka alieleza, namba itashuka mpaka kumi na kitu. Isome siku tatu mfululizo, ikigoma kushuka hapohapo kwenye kumi na kitu, ndipo bia imeiva ya kutiwa chupani. Ikigoma juu zaidi, haijaiva, imelala tu.

Ndoo waliiweka ndani ya friji kuukuu ambayo Chapchap aliifungia kidhibiti joto chake mwenyewe. Kaka alisema digrii kumi na nane. Chapchap akaweka kumi na mbili. Hakufanya kwa ubishi. Miaka thelathini ya kazi ilikuwa imemfundisha jambo moja, kwamba vitu huharibika kwa joto. Hakuwahi kuitwa na mteja hata mmoja aliyelalamika kwamba nyama yake imeharibiwa na baridi. Aliona anaipa bia usalama zaidi.

*

Kuanzia hapo akawa anakuja kila siku saa kumi jioni, akitoka kazini, na swali lilikuwa lilelile.

"Inapumua?"

"Inapumua."

"Mara ngapi kwa dakika?"

Chapchap anarudi jikoni, anachuchumaa mbele ya friji na saa mkononi, anahesabu mapovu, anarudi na namba. Kisha anakaa. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu wa kituo cha basi. Kaka alimuuliza habari za mafriji. Alimuuliza kwa nini zile za kisasa zinakufa mapema. Siku moja alimuuliza kuhusu mke wa pili, kama ni kweli aliondoka na pasi ya umeme. "Pasi na waya wa ekstensheni," Chapchap alisema, na kaka akacheka hadi akakohoa, shemeji akaja mbio na beseni.

Siku ya sita mapovu yalikoma. Chapchap alichuchumaa robo saa akitazama kile kidude. Maji ndani yake yalitulia kimya. Alisema moyoni, imekwisha. Kwenye ufundi wake, mashine iliyofanya kazi ikatulia yenyewe ni mashine iliyofika baridi yake. Hakufikiria kwamba kuna kutulia kwa namna nyingine.

Siku ya nane muuguzi aliyekuwa akija kubadilisha dawa alimkuta mlangoni. Alikuwa mama mtu mzima, asiyependa kupamba maneno. "Kama kuna ndugu wa mbali wa kuitwa," alisema, "waiteni."

Chapchap alienda jikoni moja kwa moja, akachota, akatumbukiza kipimo. Ishirini na nne. Alikifuta, akakirudisha. Ishirini na nne.

"Ngapi?" sauti ya kaka ilikuja kupitia ukutani. Siku hizo ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Kumi," alisema Chapchap.

"Kumi? Siku ya nane?"

"Friji yangu hiyo, kaka! Unafikiri ni mchezo?"

"Mh. Pima tena kesho. Na kesho kutwa."

"Sawa, kaka."

Hakungoja kesho. Kaka alipopitiwa na usingizi alizitoa chupa arobaini za kahawia, akaziosha kwa dawa ya kuulia vijidudu, akatia kila moja kijiko cha sukari ya kuleta gesi, akajaza kwa mpira, akabana vizibo. Kazi ilikuwa safi. Kwa mara ya kwanza maishani hakumwaga hata tone. Alizipanga stoo, chumba kidogo kinachopakana na jiko, ambako ukuta una joto, kwa sababu alijua joto linaharakisha. Aliona wiki moja na nusu ingetosha. Angeingia na chupa na glasi, bila kutangaza. Kaka angeshangaa. Angeonja. Na angesema.

Shemeji alimkuta akifuta sakafu. "Unaficha nini humo?"

"Usimwambie, shemeji. Ni zawadi."

*

Ilikuwa siku ya kumi na tatu, saa tisa alasiri, jua kali. Chapchap alikuwa amewahi kufika siku hiyo na alikuwa amekaa kwenye kile kiti, safari hii mgongo umeegemea. Walikuwa wanabishana kuhusu jina la mbwa waliyemfuga utotoni.

Kukasikika *pu!*

Shemeji alipiga kelele jikoni. Vioo vilianguka, halafu kikasikika kitu kinachotiririka. Chapchap alisimama. *Pu!* Ya pili. Kisha mbili kwa pamoja.

Kaka hakuuliza ni nini. Aligeuza uso kuelekea ukutani na kutega sikio, na midomo yake ikawa inasogea kidogo. Alikuwa anahesabu. Ilipofika ya tano alisema, "Ulizifunga lini?"

"Kaka..."

"Lini?"

"Siku ya nane."

"Ilikuwa ngapi kweli?"

"Ishirini na nne."

"Na friji uliweka ngapi?"

"Kumi na mbili."

Kaka alifumba macho. "Uliilaza usingizi," alisema. "Baridi iliilaza. Umeitia chupani na nusu ya chakula chake, ukaongeza sukari, ukaiweka penye joto ikaamka." *Pu!* "Sita. Mwambie mke wangu atoke jikoni. Wewe vaa kofia yangu ya pikipiki, iko juu ya kabati, na koti zito na glavu. Chukua blanketi, uliloweshe. Utazifungua moja moja."

"Acha zipasuke tu, kaka, nitasafisha."

"Na mtu akifungua ule mlango kesho, kioo kikamwingia jichoni? Nenda."

Akaenda. Ungemwona siku ile ungecheka: mzee wa miaka hamsini na minane, kofia ya pikipiki kichwani, koti la baridi mwilini katikati ya jua la alasiri, blanketi linalochuruzika mikononi, ananyata kuingia stoo kama mwizi wa kuku. Shemeji alisimama uani, kanga mdomoni, hakujua acheke au alie. Bia nyeusi ilikuwa imetapakaa sakafuni, na povu lilikuwa bado linachezacheza kwenye pembe.

"Funika!" sauti ya kaka ilitoka mbali. "Funika chupa yote! Sasa kopoa kizibo kidogo tu. Kidogo! Acha ikorome. Ikimaliza kukoroma, tia kizibo kipya, ubane!"

"Hewa itaingia!"

"Itaingia. Hakuna namna."

Nyingine zilipofunguliwa zilirusha hadi darini zikabaki tupu. Nyingine zilipasuka mkononi mwake ndani ya blanketi, na kipande kimoja kilipenya glavu kikamchana kiganja. Ilimchukua saa nzima na zaidi. Sauti iliendelea kumwelekeza kutoka kule kitandani, ikizidi kufifia, mpaka ikawa inasema neno moja moja: taratibu, taratibu. Kati ya chupa arobaini zilisalia saba.

Alipovua kofia, shemeji alikuwa ameshaanza kufagia vioo. Chapchap alichukua jagi akamsaidia kumwagia maji.

"Nilitaka aiwahi," alisema. "Aionje tu. Aonje aseme."

Shemeji aliacha kufagia. "Aonje?"

"Ndiyo."

"Shemeji, kaka yako haonji kitu. Tangu mzunguko wa pili wa zile dawa. Naweka chumvi, naweka ndimu, ananiambia mdomo wote umejaa misumari. Uji na maji ya kunawa kwake ni kitu kimoja."

Chapchap alibaki ameshika jagi. "Sasa bia alitaka ya nini?"

"Muulize mwenyewe," alisema shemeji, akainama kwenye fagio. "Mimi nimechoka kupeleka salamu."

Alirudi chumbani mkono umefungwa kitambaa, ananuka bia kuanzia viatu hadi kichwani. Kaka alikuwa amelala chali, amechoka kabisa, jasho limemlowesha mto.

"Saba," alisema Chapchap.

"Si haba."

"Shemeji kaniambia. Kuhusu ulimi."

Nje mtu alipita na mkokoteni wenye gurudumu linalolia, wakamngoja apite.

"Ulikuwa unakuja unasimama mlangoni dakika tano," kaka alisema. "Mteja anakusubiri. Nikafikiri, nimwambie aje kukaa na mimi? Hutakaa. Hujui kukaa, hata ukiwa mtoto hukujua. Nikafikiri, nimpe kazi. Nikatafuta kwenye daftari langu bia inayochukua muda mrefu kuliko zote."

Chapchap alikaa kwenye kile kiti. Aliyaona mahesabu yote mawili yamekaa bega kwa bega: kaka anavuta siku, yeye anazikata.

"Na mwisho wake ungefanyaje?" aliuliza hatimaye. "Ningekuletea glasi. Huonji. Ungesemaje?"

"Ningesema imekaa sawa."

"Bila kuonja?"

"Bila kuonja. Nilishajiandaa."

Chapchap alipiga magoti kando ya kitanda, mtu mzima mwenye mvi, magoti yakalia. "Basi niseme mie ni mjinga, kaka. Nimekosa. Lakini hilo neno niambie hata sasa. Sitaki bia. Niambie tu."

Kaka alimtazama kwa macho yaliyozama, na ndani ya yale macho hamkuwa na hasira hata chembe, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Midomo ilijaribu kitu. Ilijaribu tena.

"Siwezi, mdogo wangu," alisema. "Nimeshaisikia ikipasuka."

Akautoa mkono chini ya shuka, saa ikateleza mpaka kwenye kiwiko, akaushika ule mkono uliofungwa kitambaa. Wakakaa hivyo.

*

Chapchap hakuenda kazini tena. Wateja walipiga simu, ikalia, akaizima. Alikuja asubuhi, akaondoka shemeji anapofunga milango. Mara tatu kwa siku aliingia stoo na blanketi lake, akazikopoa zile chupa saba zikatoa pumzi, akazibana tena, akarudi kwenye kiti. Kaka alikuwa anaongea kidogo sana. Siku nyingine aliuliza, "Zimetulia?" na Chapchap alimwambia ukweli: bado, au tano zimetulia, mbili bado. Siku ya kumi na tisa alimwambia zote zimetulia. Kaka akatikisa kichwa kukubali, akalala.

Alifariki siku ya ishirini na moja, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, wakati shemeji yuko dukani kununua sabuni. Chapchap alikuwa anamsimulia jinsi alivyowahi kufungua friji ya bwana mmoja akamkuta paka mzima ndani. Aliendelea kusimulia kwa muda kabla hajagundua kwamba anasimulia peke yake. Hata hapo hakusimama. Alimaliza hadithi mpaka mwisho, mpaka pale paka alipotoka na kukaa kwenye zulia, ndipo akanyoosha mkono kumfumba macho.

Mazishi yalipita, watu wakaja, watu wakaondoka, viti vya kukodi vikarudishwa. Shemeji alimwambia achukue vifaa vyote vya bia, yeye atavitazamaje. Chapchap akasema atavichukua siku zikitimia. Alihesabu wiki nne tangu zile chupa zilipotulia, akazingoja zote, siku baada ya siku, bila kufungua hata moja.

Siku ilipotimia alikuja saa kumi jioni. Akatoa chupa moja stoo, akaileta mezani na glasi mbili. Shemeji alikuwa hajawahi kunywa bia maishani lakini alivuta kiti, akakaa, akajifunga kanga vizuri kama mtu anayepokea mgeni.

Kizibo kilitoa mlio mfupi, wa kawaida. Ilimiminika nyeusi, povu likapanda vidole viwili, likakaa. Kwa kuitazama ilikuwa bia ya kaka kabisa. Shemeji alipoona lile povu machozi yalimjaa. "Haya," alisema. "Onja."

Chapchap aliinua glasi. Hakunywa upesi. Alinusa kwanza. Chini ya harufu ya nafaka iliyokaangwa, nyuma kabisa, kulikuwa na kitu kingine, hafifu, kama karatasi ya boksi iliyonyeshewa. Akaonja. Kilikuwepo hata mdomoni. Ilikuwa ile hewa, iliyoingia kila alipokopoa vizibo. Miaka yote alikunywa bia za kaka kwa mkupuo na hakuwahi kusikia ndani yake jema wala baya, na leo alilisikia kosa lake waziwazi, kama mtu anayeitwa jina.

"Iko vipi?" shemeji aliuliza. Alikuwa ameegemea mbele, viganja juu ya meza. Uso wake wote ulikuwa unaomba jibu moja tu.

Maneno mawili. Yalikuwa mepesi, hapakuwa na mtu wa kuyapinga. Chapchap aliyatafuta mdomoni, akayageuza huku na huku.

"Ina hewa, shemeji," alisema. "Haikukaa sawa."

Shemeji alirudi nyuma kwenye kiti, taratibu. Akavuta glasi yake, akanywa kidogo, akakunja uso, akameza. "Mimi naona ni bia tu," alisema. "Ungenidanganya, kwani mimi ningejua?"

"Nimejaribu."

Shemeji alipangusa uso kwa ncha ya kanga, akanywa tena kidogo, akakunja uso tena. Chapchap alibaki na glasi mbele yake, akinywa funda moja moja, na kila funda alilisikia lile kosa, hakuliruka hata mara moja, mpaka glasi ikaisha.